Mwizi Aliyejaza Daftari

Feni ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Helmi Niskanen akafumbua macho. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amelala juu ya mngurumo ule, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa sawasawa juu ya chumba cha chini ya nyumba, na huko chini, kando ya tanuri la kupasha joto, ndiko ilikokaa kompyuta ya mumewe. Mwanzoni ilimkera. Alfajiri hiyo ukimya ndio uliomwamsha. Akatazama saa: kumi na moja na dakika kumi na moja, na nje Februari bado giza tupu.

Akasikiliza. Kitu kizito kilikuwa kikiburutwa taratibu. Kisha mlango wa nyuma wa kule chini ukafungwa polepole, kama unavyofungwa mlango wa chumba alicholala mtoto. Saa kumi na moja na dakika kumi na saba.

Hakupiga kelele. Alikuwa na miaka sabini na tisa na nyonga mbili za chuma. Aliwapigia polisi simu, kisha akabandika kahawa, maana yeyote atakayekuja atakuwa amepigwa na baridi.

Aliyekuja ni Inspekta Rosalie Beauprey, na kweli baridi ilikuwa imempiga. Buti lake la kushoto lilikuwa linavuja tangu Krismasi. Tangu Mwaka Mpya alikuwa akiwafukuza wezi wa nyaya za shaba katika mji mzima wa Larkin bila kumkamata hata mmoja, na usiku uliopita alikuwa amelala kwa saa tatu tu.

"Wamechukua nini, Bibi?"

"Kompyuta ya Arvid. Kunywa kahawa kwanza."

"Na nini kingine?"

"Basi."

Inspekta aliteremka ngazi na kikombe mkononi. Alimulika tochi eneo la tukio. Mashine ya kutobolea ilikuwepo. Runinga ilikuwepo. Sanduku la mabomba ya shaba, mali ambayo kila mwizi wa Larkin angeitolea roho, lilikuwepo na vumbi lake. Juu ya kompyuta palikuwa na mitungi sita ya kiazisukari kilichotiwa siki. Mwizi alikuwa ameishusha, akaipanga sakafuni kando ya ukuta. Haukupasuka hata mmoja. Kwenye kizingiti cha nje, palipokuwa na barafu, alikuwa amemwaga majivu ili mtu asiteleze.

"Ama ni mjanja sana," Inspekta alisema, "ama amelelewa vizuri."

Kitasa hakikuvunjwa. Alama za kigari cha kuburuta kwenye theluji zilikwenda mpaka barabarani, zikaishia pale. Gari la kusukuma theluji lilikuwa limeshapita.

"Ufunguo wa huu mlango unakaa wapi?"

"Kwenye msumari wa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba. Tangu mwaka sabini na moja."

"Nani anajua?"

"Kila mtu aliyewahi kuoga kwangu."

"Nao ni wangapi?"

Helmi akafikiri. "Mji mzima, ukimtoa mchungaji. Yeye ana haya."

Inspekta alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Ilikuwa kompyuta ya bei gani?"

"Ya bei gani? Ina miaka tisa! Hata bure usingeitaka. Inspekta, sikulii lile boksi. Inatafuta namba. Imebakiza siku tisa imalize, na Arvid yuko kule kilimani, kwenye nyumba ya wagonjwa wasiorudi. Ni mapafu. Daktari anasema wiki mbili, labda tatu." Alishika ubao wa ngazi. "Ananiuliza kila siku, 'Imefika wapi?' Anasubiri jibu moja tu. Ndiyo au siyo. Nirudishie hilo boksi kabla hajaondoka, mwanangu. Sina ombi lingine."

Inspekta alikuwa anatazama daftari la jalada jeusi lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kalamu yake juu.

"Hili la nini?"

"La mashine. Ukiizima, unaandika. Ukiiwasha, unaandika. Nami kila Jumapili naandika imefikia hatua gani, nikamsomee. Arvid ni mkali na hilo daftari kuliko na Biblia."

Inspekta alivaa glovu za mpira akafungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko wa Helmi ulikuwa wa mviringo, wa wino wa buluu, Jumapili baada ya Jumapili. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mwembamba, ulionyooka:

*Februari 11. 0511. Hatua 121 406 883. Imezimwa.*

"Bibi. Huu umeuandika wewe?"

Helmi alivaa miwani. "Leo ndiyo tarehe kumi na moja."

"Najua."

"Mimi nilikuwa kitandani."

"Najua, Bibi." Inspekta alivuta pumzi mpaka mwisho. "Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Nimeona mwizi aliyesahau pochi yake. Nimeona mwizi aliyelala kwenye kochi la mwenye nyumba. Sijapata kuona mwizi aliyejaza daftari."

* * *

Fundi wa alama za vidole aliichukua kalamu. Saa mbili asubuhi alipiga simu: alama zipo, nzuri, za kidole gumba na cha shahada, na hazimo kwenye kumbukumbu za polisi. Mtu huyu hajawahi kukamatwa.

Dakika mbili baadaye alipiga Kapteni Hollis, mkuu wa kituo.

"Beauprey, nasikia unatafuta kompyuta ya miaka tisa."

"Ndiyo, Kapteni."

"Nyaya za shaba je?"

"Bado zinaibiwa, Kapteni."

"Una mpaka jioni," alisema, akakata.

Profesa Padma Iyengar alifundisha hisabati katika chuo cha mjini. Ofisi yake ilikuwa na joto, vitabu, na kiti kimoja tu kisicho na karatasi juu yake. Alikuwa akijulikana kuwa ndiye msimamizi wa watu wa mji ule wanaotafuta namba.

"Ni watu wangapi?" Inspekta aliuliza.

"Watatu."

"Nani na nani?"

"Arvid Niskanen, Wendell Trembath, na mimi."

"Leo saa kumi na moja alfajiri ulikuwa wapi?"

"Wapi kwa maana ya jengo, au wapi ndani ya jengo?"

"Profesa."

"Kwenye bwawa la kuogelea la chuo. Njia ya tatu. Mkufunzi alikuwepo na wanawake sita. Saba, ukimhesabu anayeshika saa, lakini yeye haogelei."

Inspekta aliandika *bwawa, mashahidi wengi*, akabonyeza kalamu karibu itoboe karatasi.

"Nieleze hiyo namba. Kama unavyomweleza mtu aliyelala kwa saa tatu tu."

Uso wa profesa ulichangamka. "Namba tasa unaijua? Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tatu, tano, saba. Hazina mwisho, lakini kadiri unavyokwenda mbali ndivyo zinavyokuwa adimu. Sasa sisi tunatafuta kubwa sana, za aina moja: unazidisha mbili kwa mbili kwa mbili, mara nyingi, halafu unatoa moja. Mbili kwa mbili kwa mbili ni nane, toa moja, saba. Tasa. Mbili tano zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe ni thelathini na mbili, toa moja, thelathini na moja. Tasa."

"Kwa hiyo zote ni tasa."

"La! Hapo ndipo watu wanapoanguka. Zizidishe mbili kumi na moja: elfu mbili na arobaini na nane. Toa moja, elfu mbili na arobaini na saba. Inaonekana safi, sivyo? Lakini ni ishirini na tatu mara themanini na tisa."

Inspekta, kwa hasira tu, aliizidisha pembeni mwa daftari lake. Ilikuwa kweli.

"Na hii ya Bwana Niskanen?"

"Mbili zimezidishwa mara milioni mia moja ishirini na nne na ushee. Ukiiandika yote ina tarakimu milioni thelathini na saba na nusu. Kuipima, mashine inachukua namba, inaizidisha kwa yenyewe, inatoa mbili, inagawanya kwa ile kubwa ibakize baki, kisha inarudia. Mara milioni mia moja ishirini na nne. Mwisho wake baki likiwa sifuri, ni tasa. Likiwa chochote kingine, si tasa."

"Na katikati unajua nini?"

"Katikati hujui lolote. Hata hatua moja kabla ya mwisho hujui lolote."

Inspekta alisugua paji la uso. "Kuna mtu anaweza kuiiba ajipatie sifa?"

"Haiwezekani. Namba imeandikishwa kwa jina la Arvid. Mwizi angekuwa amebeba boksi tu. Na nakala za kazi zimo humo humo ndani ya boksi, nimemwambia mara mia aweke nyingine kwingine, lakini mtu wa Ufini akishakataa!" Alirusha mikono juu.

"Mwizi aliizima taratibu. Alikaa dakika sita. Aliandika kwenye daftari. Mwizi wa kawaida anachomoa waya anakimbia."

Profesa alituliza mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Inspekta aingie.

"Ukichomoa waya," profesa alisema taratibu, "unapoteza nusu saa ya kazi. Si kitu. Lakini hakuna hata mmoja wetu anayeweza. Mkono unakataa. Ni kama kumkatiza mtu akiwa anasali. Unaiambia isimame, unangoja ihifadhi, unaandika hatua. Hata nyumba ikiwaka moto nadhani ningeandika."

"Kwa hiyo ni mmoja wenu watatu. Mmoja yuko kitandani anakufa. Mmoja alikuwa njia ya tatu."

"Wendell hawezi kuiba," profesa alisema haraka. "Wendell anarudisha vikombe vya karatasi."

"Kazi yake ni nini katika chama chenu?"

"Anatafuta vigawanyo. Kuna njia ya mkato, unaona. Ukipata namba moja tu inayoigawanya ile kubwa, umemaliza, si tasa, mashine ya mwenzako inaambiwa iache. Wendell ni hodari sana. Kila asubuhi kabla ya chai anatuma taarifa ya alichopata. Miaka kumi na minne hajakosa." Alisita, akageukia skrini yake, akabofya. "Ajabu."

"Nini ajabu?"

"Siku kumi na moja hajatuma kitu."

* * *

Wendell Trembath, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa mwongoza treni mpaka treni zilipokwisha. Alifungua mlango kabla Inspekta hajabisha mara ya pili.

"Karibu ndani, Inspekta, unaingiza baridi. Pasti iko motoni. Unakula mkate uliojazwa nyama na viazi?"

"Sikuja kula, Bwana Trembath."

"Buti lako linavuja."

"Najua buti langu linavuja!"

Alikaa. Jikoni palikuwa safi kama stesheni. Kwenye meza kompyuta moja ilikuwa inanguruma. Ukutani ilining'inia kalenda, na ndani ya kila siku kulikuwa na saa zilizoandikwa kwa mwandiko mwembamba, ulionyooka. 0600, dawa. 1445, Arvid. 1445, Arvid. 1445, Arvid. Tarakimu nne nne, bila nukta, kama ratiba ya treni.

"Alfajiri ya leo ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Uliamka saa ngapi?"

"Sifuri sita kamili."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Mimi ni mgane, Inspekta. Na paka wangu alikufa."

"Una kigari cha theluji?"

"Nani asiye nacho?"

"Kiko wapi?"

"Nje."

"Kimekauka au kina maji?"

Wendell aligeuza pasti kwenye sahani, akaigeuza tena. "Sijakitazama."

"Mbona siku kumi na moja hujatuma taarifa kwa Profesa Iyengar?"

"Nimezeeka."

"Umezeeka kwa siku kumi na moja?"

Inspekta alizungusha macho jikoni. Kando ya jiko la kuni, mahali penye joto kuliko pote, kulikuwa na kitu cha mraba, cha kimo cha mbuzi, kimefunikwa mfarishi wa vipande vya kitambaa na kuchomekwa vizuri pande zote.

"Na huyo mgonjwa ni nani?"

Mzee alitazama mfarishi, kisha mikono yake. Mabega yakashuka.

"Baridi inaharibu diski," alisema. "Sikutaka ipigwe na baridi."

"Bwana Trembath!" Inspekta aliipiga meza, na kikombe kikaruka. "Umeiba kompyuta ya mtu anayekufa! Umemwamsha mke wake alfajiri, mwanamke mwenye nyonga za chuma, kama angekimbia ngazini akaanguka je? Umeniacha nakimbizana na waogeleaji! Halafu umeandika saa! Kwa nini uliandika saa?"

"Nimeandika?"

"Sifuri tano kumi na moja!"

Wendell alifikiri, akajishika kichwa. "Ee Mungu wangu. Hata sikumbuki."

"Nataka maelezo yako. Yote, na kwa ufupi, maana leo nimeshasikia hisabati ya kutosha."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa kushikwa. Aliiweka mezani. Ilikuwa na namba moja tu, ndefu.

"Tarakimu ishirini na nne," alisema. "Inaigawanya namba ya Arvid. Sawasawa, bila baki. Niliipata Januari thelathini na moja, 0620. Nimeihakiki mara tano kwa mashine."

"Kwa hiyo namba yake si tasa."

"Si tasa. Haikuwa kamwe. Miezi kumi na moja inanguruma bure."

"Na kanuni yenu ni kutuma taarifa."

"Siku hiyo hiyo. Ukituma, skrini ya Arvid inaandika 'Kazi haihitajiki tena, simama.' Maneno hayo hayo, Inspekta. Mwaka mzima wa mtu, halafu kazi haihitajiki. Helmi angeyasoma, angekwenda kumwambia. Sikuweza. Nikakaa nayo. Kisha nikahesabu: hata nisipotuma, mashine yenyewe itamaliza tarehe ishirini na itasema siyo. Naye daktari anasema atafika tarehe ishirini. Nikasema, isipomaliza, hakuna siyo. Atakwenda akiwa bado anasubiri ndiyo. Ningeirudisha baada ya mazishi. Ndiyo maana sikuvunja kitu."

"Mnajua wenyewe kwamba karibu zote zinakuwa siyo. Profesa ameniambia ni adimu."

"Arvid anajua kuliko mimi. Lakini hii ndiyo ya mwisho, na ya mwisho mtu anaitazama tofauti." Aligeukia kompyuta ya mezani. "Mke wangu Dorcas alipofariki sikutoka kitandani wiki tatu. Arvid alikuja na mashine mbovu kwenye kigari cha theluji, akaifunga hapo mezani, hakusema pole wala nini. Alisema, 'Hii inahitaji mtu wa kuiangalia kila asubuhi.' Basi. Nikawa naamka kuiangalia."

Pasti ilikuwa imepoa. Inspekta alitaka kukasirika, na hasira ilikuwepo, ila haikupata pa kukaa.

"Vaa koti," alisema hatimaye. "Na ubebe hilo boksi. Taratibu."

* * *

Kisheria ilibidi ampeleke kituoni. Alimpeleka jikoni kwa Helmi, akijiambia kuwa mali iliyopatikana lazima itambuliwe.

Helmi aliitambua. Kisha akasikiliza yote akiwa amesimama, mkono umeshika mgongo wa kiti. Wendell aliongea akitazama sakafu.

"Umemaliza?" Helmi aliuliza.

"Ndiyo, Helmi. Nisamehe."

"Wendell Trembath, mjinga wee. Unadhani nimeolewa na kikombe cha udongo? Mgodi ulipofungwa, nani alimwambia? Mimi, yeye akiwa kwenye ngazi anapaka rangi. Tulipompoteza mwanetu Aino, nani alimwambia? Mimi, kwa simu, yuko maili mia mbili. Miaka hamsini na mitatu mimi ndiye ninayempa huyo mtu habari mbaya, na hajawahi kuvunjika hata mara moja. Anakwenda kupasua kuni, anarudi, anakula. Leo wewe umeamua atavunjwa na namba?"

"Hawezi kupasua kuni sasa, Helmi."

Helmi alikaa kwenye kiti. Buti la Inspekta lilikuwa likidondosha maji sakafuni.

Helmi aliinuka, akaleta soksi za sufu, akaziweka mbele ya Inspekta. Kisha akachukua kofia yake.

"Twende," alisema. "Wewe utamwambia mwenyewe, Wendell. Nami nitakuwa nimesimama nyuma yako, usije ukakimbia."

"Mimi pia nakuja," alisema Inspekta, akivaa soksi. "Kwa hati ya mashitaka, lazima mwenye mali aseme kama anashitaki au la. Mashine ni ya Bwana Niskanen."

* * *

Arvid Niskanen alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, bomba la hewa puani, dirisha la theluji nyuma yake. Alikuwa mkubwa wa mifupa, na mifupa ndiyo iliyobaki. Macho yake yalikuwa mazima.

"Mmetoka kanisani ninyi watatu?" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nani amekufa? Mimi bado."

"Arvid," Wendell alisema.

"Imefika wapi?"

Wendell alirudi nyuma hatua moja. Helmi akamsukuma mgongoni kwa kidole kimoja.

"Imefika hatua milioni mia moja ishirini na moja na kitu. Nimeizima. Nimeiiba, Arvid. Nilipata kigawanyo. Si tasa."

Mashine ya hewa ilipumua mara nne, mara tano. Inspekta alitazama viatu vyake. Helmi hakutazama viatu. Alimtazama mumewe, kidole chake cha shahada kikiwa bado kwenye koti la Wendell.

"Tarakimu ngapi?" Arvid aliuliza.

"Ishirini na nne."

"Uliipata lini?"

"Januari thelathini na moja."

"Januari!" Arvid alijaribu kuinuka, kikohozi kikamrudisha, Helmi akamshika kifua, naye akamtoa mkono. "Siku kumi na moja! Siku kumi na moja umekaa nayo mfukoni, na mimi nimelala hapa natazama dari! Unajua kuna mabati mangapi kwenye dari hii? Themanini na nne! Nimeyahesabu kwa njia zote! Ningekuwa nimeshaihakiki!"

"Nimeihakiki mara tano, Arvid, kwa mashine…"

"Kwa mashine! Nani amesema mashine? Lete hapa. Helmi, kalamu. Si hiyo, ya risasi."

Wendell alimpa karatasi. Arvid aliisogeza karibu na pua, mbali, karibu tena. Midomo yake ilianza kwenda. Alitoa moja mwishoni, akaanza kuigawanya kwa kipeo chake, ile idadi ya mbili zilizozidishwa, tarakimu tisa alizozijua kwa moyo. Tarakimu alizoandika zilisimama wima. Wote watatu walisimama wakingoja kwa karibu nusu saa. Muuguzi alikuja na dawa, akaona, akaiweka mezani, akatoka kwa ncha za vidole.

"Imegawanyika, kama kila kigawanyo cha kweli kinavyopaswa," Arvid alisema. "Na jibu ni shufwa. Mpaka hapo inanyooka. Lakini kunyooka si kugawanya." Alifuta jasho kwa shuka. "Sasa ni mistari ishirini na saba. Unaanza na mbili, unazidisha kwa yenyewe, mara nyingine na kwa mbili tena, unatoa hii namba yako mpaka libaki baki, unashuka mstari. Mwishoni baki likiwa moja, Wendell, umesema kweli. Sita ya kwanza hata mtoto anaweza." Akaiandika sita hapo hapo, bila kusita. "Kuanzia wa saba ndipo jembe linaingia ardhini."

"Ni tarakimu ishirini na nne mara ishirini na nne, mstari mmoja mmoja," Wendell alisema. "Kwa mkono. Utachoka."

"Na nina shughuli gani nyingine?"

Helmi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, na baada yake alilazimika kutafuta leso. Alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda, akaanza kumchongea penseli ya pili.

Inspekta Beauprey aliangalia saa. Kapteni alikuwa amempa mpaka jioni, na jioni ilikuwa imeshaingia dirishani. Alifungua jalada lake.

"Bwana Niskanen, nina swali moja tu la kisheria, kisha nawaacha. Mshukiwa amekiri. Mali imepatikana. Je, unamshitaki Bwana Trembath, au humshitaki?"

Arvid alimtazama Wendell kuanzia kofia mpaka viatu. Wendell alivua kofia.

"Itategemea," Arvid alisema.

"Itategemea nini?"

"Kama hiyo namba ni ya kweli. Ikiwa ya kweli, alinificha jibu sahihi, na hilo ni kosa. Ikiwa ya uongo, ameniibia mashine iliyokuwa bado na kazi, na hilo ni kosa jingine. Siwezi kutia sahihi kosa nisilolijua."

"Bwana Niskanen! Nahitaji ndiyo au siyo!"

"Sote tunahitaji." Alishaanza mstari wa saba, ulimi umechomoza pembeni ya mdomo. "Leo nitafika nusu yake. Huyu ataketi hapo ananisomea tarakimu, na wewe unaonekana mtu wa kuangalia makosa ya watu. Njoo kesho, Inspekta. Na keshokutwa pia, ukipata nafasi."